Tulidhani Damu Imejaa

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kwa miaka kumi na saba nimesahihisha madaftari ya darasa la tano na la sita katika shule moja ya msingi huku Kimara, na kwa kuangalia uso wa mtoto anaporudishiwa karatasi yake naweza kukuambia amepata ngapi. Nasema haya mapema ili mtu asije akanihurumia kama mama asiyejua kusoma. Kusoma najua. Namba ndizo zinazonilisha.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu alipoanza kupauka. Alikuwa mtoto wetu wa pekee, tuliyempata baada ya kungoja hadi wifi zangu wakawa wananisalimia huku wanaliangalia tumbo langu. Alikuwa mjuaji, mkali, ana maneno ya watu wazima. Ukimwambia kaa, anakuuliza kwa nini. Kisha ikafika wiki ambayo ukimwambia kaa, anakaa.

Aliyeona wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mama mwenye nyumba wetu, mjane wa Kizaramo aliyezaliwa na kukulia hapa hapa mjini, anayeishi chumba cha mbele na kutuachia sisi vya nyuma. Ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto nikiwa shuleni. Jioni moja nilipofika alinigeuzia viganja vya mwanangu juu.

“Mwalimu, hebu tazama. Huyu mtoto hana damu. Nyie watu wa milimani mnalisha watoto ndizi tu, mnadhani ndizi ni nyama.”

Mimi na mume wangu ni watu wa Kilimanjaro, na yeye hakuacha hata siku moja ipite bila kututania. Tulicheka. Lakini viganja vilikuwa vyeupe kweli, na kucha pia.

Suala la damu, huku kwetu kila mtu ni daktari. Mwambie mama yeyote wa mtaani kwamba mtoto wako ana upungufu wa damu, utaondoka na dawa tatu kabla hujavuka mtaro. Mmoja atakwambia choya, lile ua jekundu linalochemshwa likatoa juisi ya rangi ya damu yenyewe. Mwingine atakwambia majani ya matembele yasagwe mabichi yachanganywe na maziwa. Wa tatu bitiruti, wa nne maini. Mimi nilichukua yote, nikayapangia ratiba, maana bila ratiba mimi siwezi kitu. Niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika kwenye friji: asubuhi bitiruti na karoti, saa nne choya, mchana maini, jioni matembele. Na dawa ya maji ya madini ya chuma, ile inayofanya choo kuwa cheusi, kijiko kimoja mara mbili kwa siku.

Mtoto alikataa. Nilimbana pua akameza. Alitapika, nikampa tena. Kuna siku alinisukuma mkono akasema, “Mama, tumbo limejaa.” Nikamwambia tumbo la mtoto wa kike haliwezi kujaa kwa kikombe kimoja. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba upande wa kushoto, na mimi mama yake nilimwambia baba yake kwa furaha kwamba lishe imeanza kushika, mtoto ananenepa. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo. Nililiona, nikalishangilia.

Kituo cha afya tulichokuwa tunaenda kilikuwa cha mtu binafsi, kando ya barabara kubwa. Daktari wa pale alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka thelathini, mpole, anaandika kwa mwandiko unaosomeka. Alimpima damu, akakuta iko chini. Akasema tuendelee na dawa kwa mwezi mmoja kisha turudi. Tulirudi. Damu ilikuwa imeshuka zaidi, licha ya ratiba yangu yote.

Hapo daktari akachezea kalamu. Akataka kumshika mtoto tumbo, lakini mtoto alikuwa amechoka na watu, akapiga kelele na kukaza misuli hadi daktari akashindwa kupata kitu.

“Mama, kuna kipimo kingine nakitaka,” alisema. “Kinaitwa feritini. Chuma kikiingia mwilini hakizururi ovyo, kuna protini inakihifadhi, ndiyo hiyo feritini. Nataka kujua stoo yake ya chuma ikoje. Damu tunaipeleka maabara ya mjini, majibu yatakuja Ijumaa. Uyachukue dirishani, ila usikae nayo. Jumatatu uniletee majibu na mtoto mwenyewe, kabla hajala. Tumbo hilo nataka nilishike vizuri.”

“Jumatatu,” nikasema.

“Jumatatu mama, usiache.”

Nilimsikia. Hakuna neno katika hayo ambalo sikulisikia.

Ijumaa nilitoka shuleni saa tisa nikapitia dirishani. Kijana wa mapokezi alinipa bahasha, nikaifungulia pale pale kwenye ngazi. Karatasi ilikuwa na safu tatu. Safu ya kwanza jina la kipimo, ya pili majibu, ya tatu kiwango, kutoka ngapi hadi ngapi. Mwisho wa kiwango ulikuwa mia moja na arobaini. Mwanangu alikuwa na mia nane na kumi na mbili, na pembeni pake herufi ya kuonyesha kwamba iko juu.

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi hadi mama mmoja aliyekuwa anapanda akanitazama. Unielewe nilivyofikiri. Mtoto hana damu. Damu inatengenezwa kwa chuma. Stoo ya chuma imepimwa, imekutwa imejaa mara karibu sita. Basi ratiba yangu imefanya kazi, na damu yenyewe itafuata tu, kama maji yanavyofuata bomba ukishajaza tangi. Kichwa changu kwa miaka kumi na saba kimezoea kwamba namba ikiwa kubwa mtoto amefaulu. Sikuona kitu pale ila ufaulu. Nilimpigia mume wangu pale pale.

“Baba, stoo imejaa! Mia nane! Wanataka mia moja na arobaini, wa kwetu ana mia nane!”

Mume wangu ni mtunza stoo katika bohari moja ya vifaa vya ujenzi huko Temeke. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwa sauti, nikasikia na mtu akipiga mluzi. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imebadilika. Alikuwa analia. Akasema, “Jumapili tunatoa shukrani.”

Kwetu kanisani, mtu akitendewa jambo anatoka mbele na familia yake. Kwaya inaimba, mnakwenda taratibu katikati ya viti, mnakabidhi sadaka yenu, mchungaji anakupa kipaza sauti uwaambie watu Mungu amekutendea nini. Mama mwenye nyumba, ambaye ni Mwislamu, alimshonea mtoto gauni la njano kwa ajili ya siku hiyo, akasema Mungu ni mmoja, ila kwenye kuimba tunamchosha. Mume wangu alimbeba mtoto, maana alikuwa hataki kutembea. Mimi nikashika kipaza sauti. Niliwaambia washarika kwamba mwanangu alikuwa hana damu, nikaahidi mbele za Mungu kumlisha kwa mikono yangu, na sasa kipimo kimeonyesha kwamba damu imejaa mpaka imezidi. Watu walipiga vigelegele. Wanawake wa kikundi chetu walikuja kucheza kutuzunguka. Mtoto aliuficha uso wake kwenye shingo ya baba yake, na mimi nikasema ni aibu za watoto.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya mitihani ya muhula. Nilikuwa msimamizi wa chumba. Ningeweza kuomba ruhusa, mwalimu mkuu wetu ni mtu anayeelewa. Sikuomba. Niliona kumrudisha mtoto kwa daktari baada ya majibu yale ni kumpeleka aliyefaulu kufanya mtihani wa marudio. Na kulikuwa na kitu kingine, nitakisema: nilikuwa nimeshasema kwenye kipaza sauti. Karatasi nikaitia ndani ya Biblia, nikaenda kusimamia mitihani.

Zikapita wiki tano.

Katika wiki hizo mtoto alianza kulalamika mguu. Hakusema unauma. Alisema, “Mguu wangu unalia.” Nikamwambia anakua, mifupa inarefuka. Akaacha kupanda ngazi ya barazani. Akawa anaamka na homa inayokuja na kuondoka, nikampa dawa ya homa. Ratiba niliendelea nayo, tena kwa bidii zaidi, maana sasa nilikuwa na ushahidi. Kisha macho yakaanza kupata weusi pembeni, kama mtoto aliyeanguka akaumia uso.

Mama mwenye nyumba aliniita barazani siku hiyo, akiwa amempakata mtoto.

“Nani kampiga?”

“Nani ampige, mama? Hajalala vizuri tu.”

“Siyo usingizi huu. Hebu mwangalie vizuri. Jicho la kulia linatoka nje. Mwalimu, mrudishe mtoto kwa daktari.”

Badala ya kumwangalia mtoto, niliingia ndani nikaleta karatasi. Niliikunjua mbele ya yule mama, mtu mzima anayenizidi miaka zaidi ya ishirini, nikamfundisha kwa sauti ile ninayotumia kwa mtoto aliyeshindwa kugawanya. Safu hii ni kiwango, safu hii ni majibu, unaona, hii ni kubwa kuliko hii. Yeye alisoma madrasa, herufi zangu hazimpi shida kuzitambua ila hana habari nazo. Alisubiri nimalize.

“Hiyo mie siijui,” akasema. “Jicho naliona.”

Nilikasirika. Nilimchukua mtoto nikaingia naye ndani, na kwa siku mbili nilikwenda naye shuleni, akakaa kwenye kona ya ofisi ya walimu juu ya kanga, ili nisimpe yule mama nafasi ya kunitazama. Siku ya tatu mwalimu mkuu akasema watoto wa walimu hawaruhusiwi ofisini, nikamrudisha.

Ndiyo siku mama mwenye nyumba alipoamua. Mimi niko darasani nafundisha sehemu, yeye kamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, kaenda naye kituo cha afya bila kuniuliza. Alimtuma jirani anipe taarifa. Nilitoka darasani kwa hasira, njia nzima napanga maneno nitakayomwambia, na yalikuwa maneno mabaya. Nilipofungua mlango nilimkuta yule daktari ameweka mkono wake juu ya tumbo la mwanangu, na hakuuondoa niliposalimia.

“Majibu ya feritini yako wapi, mama?”

Nikampa. Siku hizo nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba. Aliisoma mara moja tu. Alitazama tarehe, akanitazama mimi. Nilingoja anigombeze, na ningemshukuru, kwa sababu ningepata wa kugombana naye. Alivuta kiti akaandika barua ya rufaa, mwandiko ule ule unaosomeka, akasema twende hospitali kubwa leo hii, tusipitie nyumbani.

Sitaeleza vipimo vyote. Wiki ile walimpiga picha za tumbo, walimtoa uboho kwenye mfupa wa nyonga, walimchoma sindano nyingi hadi akawa akiona koti jeupe analegea tu, halii. Mwishoni daktari bingwa wa watoto alituita wote wawili kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi laini juu ya meza. Nikaliona lile sanduku nikajua.

Alisema ni saratani inayoitwa neuroblastoma. Inaanzia kwenye chembe za mishipa ya fahamu, mara nyingi juu ya figo. Ya mwanangu ilikuwa imejaza upande wa kushoto wa tumbo, imeingia kwenye mifupa na kwenye uboho, na ndiyo iliyokuwa inasukuma jicho. Damu ilikuwa chini kwa sababu uboho unaoitengeneza ulikuwa umevamiwa. Alikuwa anasema polepole, anatuangalia mmoja mmoja.

Mume wangu akauliza, “Lakini daktari, mbona chuma kilikuwa kimejaa? Tulipima. Mia nane.”

Bingwa akaivuta karatasi yangu kutoka kwenye faili. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yenyewe, baba. Mtoto ambaye hana damu kwa kukosa chakula, feritini yake inakuwa chini. Ikiwa damu iko chini na hii iko juu hivi, tunajiuliza kuna nini. Uvimbe wa aina hii wenyewe unaitoa hii protini, na mwili nao unakifungia chuma kisitumike. Kwa hiyo tunaitumia kama alama. Ikiwa juu sana, mara nyingi ugonjwa umeshasambaa.”

Mume wangu ni mtu wa stoo, na alielewa kabla yangu. Alisema taratibu, kama anajisemea, “Stoo imejaa na dukani hakuna kitu.” Akainamisha kichwa.

Halafu bingwa akauliza tulianza kuona dalili lini, na majibu haya tuliyapata lini. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nilifungua mdomo. Mume wangu akawahi.

“Hawa wa kituo cha afya walituchelewesha,” alisema kwa uchungu. “Kutwa dawa za chuma, dawa za chuma.”

Na mimi nikafunga mdomo. Nilimwacha aseme. Nilijiambia nitamweleza tukitoka nje, kisha tulipotoka nje nikajiambia tukifika nyumbani, na nyumbani nikajiambia mtoto akipata nafuu.

Dawa za saratani zilichukua miezi saba. Nilihamia kwa dada yangu Mwananyamala ili niwe karibu na hospitali, mume wangu akabaki Kimara na kuja kila alipopata nafasi. Nywele zilitoka zote. Alikuwa anaziokota kwenye mto, ananipa mkononi, anasema nizitunze. Midomo ilijaa vidonda, hakula maini wala chochote, na mimi niliyembana pua ili ameze nilikuwa nambembeleza alambe barafu. Pamoja na vipimo vingine walikuwa wanaipima tena ile feritini. Nilijifunza kuomba namba ishuke. Ilishuka mara ya kwanza, ikashuka mara ya pili, na watu wa wodini wakanipa mkono. Sikufurahi. Niliogopa kufurahi. Mara ya tatu ikapanda, na picha zikaonyesha kwa nini, na bingwa akatuita tena kwenye kile chumba.

Alitupa dawa ya maumivu na akatuambia tukae naye nyumbani. Tulirudi Kimara. Mama mwenye nyumba alihamisha godoro lake akaliweka kwetu bila kuniuliza, na safari hii sikukasirika. Mwanangu alifariki siku ya Jumatano asubuhi, baada ya jua kutoka, kichwa chake kwenye mapaja yangu na miguu kwenye mapaja ya yule mama. Alikuwa na miaka minne na miezi mitano. Sikulia siku hiyo. Nilikuwa nasikiliza watu wa barabarani wanawahi kazini, nikawachukia wote.

Msibani mume wangu alikuwa anawasimulia waombolezaji. Kila aliyekuja kutoa pole alisikia habari ya daktari mdogo asiyejua kazi, aliyempa mtoto wa watu dawa ya chuma huku saratani inamla. Alisema kwa sauti kubwa, mishipa ya shingo imemtoka. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa ndani, kwenye mkeka, nasikia kila neno. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi pembeni yangu. Kwa nilivyodhani, yeye ndiye mtu pekee pale aliyejua kwamba nilikuwa na karatasi na sikuipeleka. Hakusema kitu, na hakunitazama.

Baada ya arobaini nilikwenda peke yangu kumwona bingwa. Nilimweleza yote, na nikamuuliza kama zile wiki tano ndizo zilizomuua. Akasema ugonjwa kama ule, na namba kama ile, ulikuwa umeshasambaa tangu siku damu inatolewa. Akasema huenda kuwahi kusingebadilisha mwisho. Nikamuuliza, huenda? Akasema, huenda, mama. Alikuwa mtu mkweli. Neno hilo moja ndilo ninaloamka nalo na kulala nalo.

Ilipofika mwezi wa nane tangu mazishi, tulikuwa kwenye kiwanja chetu cha Madale, siku ya Jumamosi, tunafyeka majani. Tulikinunua kabla mtoto hajazaliwa na msingi wa nyumba uliishia magotini. Tulikuwa hatuongei sana siku hizo. Tulikuwa tunafanya kazi moja moja, kila mtu upande wake. Jua lilipokuwa kali tukakaa juu ya matofali, naye akatoa karatasi mfukoni.

“Kaka kaandika hii,” alisema. Kaka yake mkubwa ni mtu wa ofisi na alikuwa akifuatilia suala letu tangu msibani. “Ya kumshtaki yule daktari wa kituo cha afya. Kwamba alizembea, anyang’anywe leseni. Anataka tusaini wote wawili, aipeleke Jumatatu. Nikasema kwanza mwalimu aisome.”

Niliisoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri, aya nne. Ilisema daktari alikuwa na majibu ya kipimo kwa wiki tano na hakuchukua hatua. Nikamwona yule binti na mwandiko wake. Nikamsikia akisema Jumatatu mama, usiache.

“Usiipeleke,” nikasema.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu majibu hakuwa nayo. Nilikuwa nayo mimi.” Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. “Aliniambia nimpelekee Jumatatu ile ile, pamoja na mtoto. Aliniambia mara mbili. Sikwenda. Niliona tumeshashinda. Yule daktari hana kosa hata moja, baba. Kosa lote ni langu, na nimekuacha umbebeshe mtu mwingine zaidi ya mwaka.”

Nilingoja anipige. Hajawahi kunipiga, lakini siku hiyo nilitaka. Alikuwa anatazama chini, anasugua panga kwenye tofali, kusugua tu.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Kwenye faili la kituo kuna namba yangu ya simu, siyo yako. Alinipigia. Jumanne ile, baada ya shukrani.” Alikuwa anasema neno moja moja. “Akaniuliza mbona mama hajaja na majibu. Nikamwambia damu imejaa, dada, tumeshamshukuru Mungu kanisani. Akasema hata hivyo mleteni, tena mleteni leo. Nikasema sawa.”

Aliacha kusugua panga.

“Wiki iliyofuata akapiga tena. Niliiona simu inaita. Sikupokea.”

“Kwa nini hukupokea?”

“Nilijua ataniharibia furaha,” alisema. “Nilikuwa sijawahi kufurahi vile. Nikasema mke wangu ni mwalimu, angeona kasoro angesema.”

Zaidi ya mwaka nilidhani nikilisema hilo jambo nitapumua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa talaka. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba mwanangu aliitwa mara tatu, na mara zote tatu sisi wazazi wake tulikuwa tunashangilia. Nilitaka kumchukia mume wangu, nikakuta sina haki. Na yeye nadhani alikuwa na hesabu hiyo hiyo kichwani kwake. Hatukushikana mikono. Baada ya muda alisimama akaendelea kufyeka, nami nikasimama nikaendelea.

Barua hatukusaini. Mume wangu alimwambia kaka yake kwamba tumeamua kumwachia Mungu, na kaka yake, baada ya kulalamika, akasema tuna moyo wa ajabu. Habari ikaenea kwa ndugu. Kwenye kikao cha ukoo mwaka jana mzee mmoja alisimama akatutolea mfano, kwamba vijana wajifunze kwetu maana ya kusamehe, na watu wakatupigia makofi. Tulisimama wote wawili tukapokea.

Yule daktari wa kituo cha afya bado yuko pale pale. Huwa nakutana naye barabarani jioni ninaporudi kutoka shuleni, ana mkoba wake na viatu vya kutembelea. Anajua kila kitu, tangu ile simu ya kwanza, na sijawahi kusikia kwamba kamwambia mtu. Akiniona anavuka kuja upande wangu, anapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti waliolelewa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu,” namwambia.